Giaboksi Inayosingiziwa

Katika gari lililobadilishwa injini hakuna kifaa kinachosingiziwa kama giaboksi ya otomatiki. Gari likikataa kuondoka, giaboksi. Likichelewa kuingia gia ya tatu, giaboksi. Likinguruma papo hapo lilipo kama mzee anayegombana na usingizi, giaboksi. Fundi anainama, anachungulia chini dakika mbili, anajifuta mikono na kutoa hukumu: "Bosi, gia hii imekufa. Katafute nyingine." Hukumu za namna hiyo hutolewa kila siku Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa na Nairobi, na mara nyingi mshtakiwa hajaulizwa swali hata moja.

Nataka kumtetea mshtakiwa huyo kwa kusimulia historia yake. Simaanishi kwamba hafi. Anakufa, tena sana. Ila, msomaji, ukimfuata toka alipozaliwa utagundua jambo ambalo wauza spea hawana haraka ya kukueleza: giaboksi ya otomatiki ni kipofu. Haioni barabara, haioni mlima, haimwoni dereva. Huambiwa tu. Na ukibadilisha injini, au kabureta, au matairi, umembadilisha yule anayeiambia.

Gari la gia za mkono lina bongo moja tu, nayo iko kichwani mwa dereva. Sikio linasikia injini inahema, mguu unakanyaga klachi, mkono unarudisha gia. Waliotaka kumwondolea dereva kazi hiyo walikuwa na matatizo mawili: kuunganisha injini na magurudumu bila klachi ya mguu, na kupata kitu cha kuamua gia ibadilike lini. La kwanza lilipata jibu mapema. Mjerumani Hermann Föttinger alisajili hataza yake mwaka 1905, wala hakuwa akifikiria magari. Alikuwa anahangaika na meli, ambazo mashine zake za mvuke zilizunguka kwa kasi kubwa mno kuliko panga la kusukuma maji. Dawa yake ilikuwa kimiminiko. Chukua feni mbili zitazamane, washa moja. Upepo wake utaizungusha ya pili ingawa hazigusani. Weka mafuta badala ya upepo, zifungie zote mbili ndani ya chungu cha chuma, na hapo umempata babu wa kile ambacho mafundi wetu wanakiita konveta.

Tatizo la pili ndilo lililokula miaka. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza Hydra-Matic, kazi ya wahandisi walioongozwa na Earl Thompson, nayo ikafungwa kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940 kwa nyongeza ya dola 57. Ilikuwa na gia nne za kwenda mbele, na pedeli ya klachi haikuwepo kabisa. Ni ya kwanza ya aina yake kutengenezwa kwa wingi. Ndani yake hamkuwa na umeme wala kompyuta. Mlikuwa na mafuta, vali na mieleka.

Nasema mieleka kwa sababu ndivyo ilivyo. Upande mmja wa vali ya gia kuna presha inayoletwa na gavana. Huyu si gavana wa kikoloni wala wa Benki Kuu. Ni vyuma vizito vinavyozunguka pamoja na shafti ya kutokea, na kadiri gari linavyokwenda kasi ndivyo vinavyotanuka na kuachia presha zaidi. Upande wa pili kuna presha inayoletwa na mguu wa dereva, kwa kupitia fito ya chuma iliyoshikana na kabureta. Gavana anasema, "Tunakwenda kasi, ingiza gia ya juu." Mguu unasema, "Ngoja, bado nakanyaga." Anayezidi nguvu ndiye anayesikilizwa. Basi. Akili yote ya giaboksi ya otomatiki, kwa miaka zaidi ya 40, ilikuwa ni ubishi huo wa watu wawili ndani ya sampu yenye giza.

Tena mguu ulikuwa na kazi nyingine, na hii naomba uishike maana tutaihitaji mbele. Gia za ndani hushikwa na klachi ndogo ndogo, sahani nyembamba zilizobandikwa kitu kama karatasi ngumu. Presha ya mafuta ndiyo inayozibana. Injini ikivuta kwa nguvu, klachi zinahitaji kubanwa zaidi, la sivyo zitateleza. Zikiteleza zinapata moto. Zikipata moto ile karatasi inaungua. Kwa hiyo habari ya mguu hupandisha presha ya kubana pia. Ukiikata habari hiyo, giaboksi itadhani dereva anatembea taratibu kwenda kanisani, hata kama anapanda mlima na magunia ya viazi.

Vita vya Pili vya Dunia viliitia Hydra-Matic jeshini. Kifaru chepesi cha M5 cha Wamarekani kilikuwa na injini mbili za Cadillac, kila moja na Hydra-Matic yake. Vita vilipokwisha watengenezaji wakatangaza kwamba gia zao zimejaribiwa vitani, na raia wakanunua. Wenye viwanda wengine wakafuata: Buick na Dynaflow mwaka 1948, Chevrolet na Powerglide mwaka 1950, Chrysler na TorqueFlite mwaka 1956.

Lakini wenye historia ninayoitaka mimi hawakuwa wenye viwanda. Walikuwa vijana wa California waliorudi kutoka vitani na pesa kidogo na ujuzi wa kutumia spana. Walinunua Ford kuukuu za miaka ya 1930, wakatoa injini zake na kupachika za Oldsmobile na Cadillac zilizotoka mwaka 1949, kubwa na zenye nguvu. Mwanzoni waliidharau otomatiki. Ilikuwa gia ya akina mama wanaokwenda sokoni, walisema (na maneno hayo hayo tumeyasikia huku kwetu, ati mwanaume hawezi kuendesha gari linalojibadilisha lenyewe). Halafu wakagundua kwamba katika mashindano ya robo maili, mwenye gia za mkono akikosea mara moja kuingiza gia ameshindwa, na Hydra-Matic haikosei. Mwaka 1953 ikaanzishwa kampuni ya B&M huko huko California, ikauza Hydra-Matic zilizokazwa kwa mashindano. Hata ile Powerglide ya gia mbili tu, ambayo mtu wa kawaida angeiona maskini, bado inakimbizwa kwenye mashindano hayo mpaka leo.

Hapo ndipo utafutaji wa ubovu wa otomatiki katika gari la kupachikwa ulipoanza kuwa elimu. Kitabu cha kiwanda hakikuwasaidia sana vijana hawa, maana kitabu kiliandikwa kwa ajili ya gari ambalo wao walishalivunja. Injini ilikuwa nyingine, kabureta zilikuwa mbili au tatu mahali pa moja, fito ya kuleta habari ya mguu ilikuwa fupi au ndefu kupita kiasi. Gia ikichelewa au ikigonga, swali lilikuwa: giaboksi ni mbovu, au inaletewa habari za uongo? Kilichoamua ubishi ni geji. Ubavuni mwa giaboksi kuna tundu lenye bolti; itoe, funga geji ya presha, washa gari, halafu tazama sindano inavyopanda ukikanyaga mafuta. Isipopanda, basi kuna uongo unaosemwa, na hapo unafuata fito kabla ya kushusha chochote.

Miaka ya 1960 mjumbe alibadilishwa. General Motors walitoa Turbo-Hydramatic 400 mwaka 1964 na ndugu yake mdogo, 350, mwaka 1969. Humo habari ya mguu haikuletwa na fito. Ililetwa na hewa. Injini ya petroli ikiwa haina kazi kubwa hunyonya hewa kwa nguvu kwenye manifoldi. Ukikanyaga mafuta, mnyonyo unapungua. Kwa hiyo walichukua mpira mwembamba kutoka manifoldi mpaka kwenye kikopo kidogo kilichofungwa kwenye giaboksi, chenye utando ndani. Mnyonyo mkubwa, giaboksi inajua kazi ni ndogo. Mnyonyo mdogo, inajua kazi ipo.

Wajanja wakaja na kemshafti za mashindano. Kemshafti kali huifanya injini itetemeke ikiwa imesimama, sauti ambayo vijana wanaipenda kama muziki, na pia hupunguza mnyonyo. Kumbe giaboksi kule nyuma inasikia jambo lingine: inasikia kwamba dereva amekanyaga mpaka chini. Inapandisha presha, inachelewesha gia, inaziingiza kwa kishindo cha kukugongesha kichwa. Wangapi walifungua giaboksi nzima hali ubovu uko kwenye kemshafti waliyoinunua wenyewe!

Kikopo hicho kilikuwa na ugonjwa mwingine, na dalili yake ni nzuri sana kwa mtu anayependa upelelezi. Gari linatoa moshi mweupe mzito kwenye bomba, fundi anasema ringi za injini zimekwisha. Wakati huo huo mafuta ya giaboksi yanapungua na hakuna tone chini. Yanakwenda wapi? Utando wa kikopo umetoboka, injini inayanyonya kupitia ule mpira na kuyachoma. Kipimo chake hakina gharama: chomoa mpira, ingiza kidole au kijiti, tazama kama kuna wekundu.

Nimetaja wekundu, basi tuseme na mafuta yenyewe. Rangi nyekundu ni rangi tu, iliwekwa ili mtu anayeona tone chini ya gari ajue si la injini. Anayekwambia "nyekundu ni nyekundu tu" anakuuzia kopo, hakuuzii elimu. Kwa miaka mingi mafuta hayo ya Marekani yalikuwa na kiungo kilichotokana na nyangumi, kwa sababu mafuta ya mnyama yule yalizifanya klachi zishikane polepole bila kukwaruza na yalivumilia joto. Sheria za kulinda wanyama walio hatarini za miaka ya 1970 zikafunga mlango huo, na wakemia wakaanza kutafuta badala yake. Ndiyo maana kila kizazi cha giaboksi kina mafuta yake. Na magari ya Kijapani ya siku hizi ambayo badala ya gia yana mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili, ukiyawekea mafuta mekundu ya kawaida umeyaua mwenyewe kwa mkono wako.

Sasa tufike mwaka 1982, mwaka ambao mimi naona ndio somo kuu la habari hii yote. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara mbili duniani, mwaka 1973 na tena 1979, na viwanda vya Marekani vilitafuta namna ya kupunguza kiu ya magari. Chevrolet wakatoa giaboksi iliyoitwa 700R4. Ilikuwa na gia ya nne nyepesi ya safari ndefu, na konveta iliyojifunga ili isiteleze bure. Wapenzi wa magari ya kale waliipenda mno: injini yako ya zamani yenye nguvu, sasa na gia ya nne! Wakaitoa kwenye magari mabovu na kuipachika nyuma ya injini za kila aina.

Zikaanza kuungua. Si moja wala mbili. Sifa yake ikawa mbaya kama ya mganga wa uongo. Tena ziliungua baada ya safari chache, na zikifunguliwa kilichokuta kimekuwa mkaa ni zile klachi za gia ya tatu na ya nne. Watu wakasema ni giaboksi dhaifu, na kweli za mwanzo zilikuwa na udhaifu wake. Lakini iko sababu iliyojirudia katika magari ya kupachikwa. Katika 700R4 habari ya mguu ililetwa na waya mmoja kutoka kwenye kabureta, na waya huo haukuamua tu gia ibadilike lini. Ndio uliopandisha presha ya kubana klachi. Kabureta ya kiwanda ilikuwa na mkono wenye urefu na pembe iliyopimwa kwa makini. Kabureta ya kununua dukani haikuwa na pembe hiyo. Waya ukifungwa umelegea kidogo, au ukivutwa kwa pembe isiyo yake, gari linakuwa tamu kuendesha: gia zinaingia mapema, laini, bila kishindo. Mwenye gari anafurahi. Kumbe ule ulaini ni klachi zinazoteleza kwa kukosa presha. Gari linakufa likiwa linatabasamu.

Hapa pana jambo la kutafakari kwa yeyote anayetafuta ubovu. Sote tunadhani gari gonjwa hugonga, hupiga kelele, hutetemeka. Hili liligeuza mambo. Kishindo kidogo wakati gia inaingia kilikuwa dalili ya afya, na ulaini ulikuwa homa.

Huku kwetu, katika miaka hiyo, wengi hawakuwa wamegusa otomatiki. Peugeot, Land Rover na Datsun zilizojaa barabarani zilikuwa za gia za mkono. Tanzania ilipowaruhusu mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na Kenya ilipolegeza masharti ya uagizaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, mlango ulifunguka kwa magari yaliyotumika Japani. Yakaja kwa meli mfululizo, na mengi yalikuwa ya otomatiki. Hatukuyachagua kwa otomatiki yake, tulichagua bei. Giaboksi ikaja kama mtoto wa kambo aliyefuatana na mama. Mafundi waliojifunza kwa kuangalia na kushika, mikono yao myepesi ajabu kwenye injini, walikutana na sanduku ambalo hakuna aliyewafundisha, lenye vitabu vya Kijapani. Siwalaumu kwa hilo. Nalaumu biashara iliyoota juu yake. Ilikuwa rahisi kununua giaboksi nzima iliyotumika, Ilala au Kirinyaga Road, kuliko kuitibu iliyopo. Hivyo ikazaliwa desturi ya kubadilisha badala ya kuuliza.

Mtaani kwetu alikuwepo dereva wa teksi, mtu mpole, ambaye injini ya gari lake ilikufa akapachikiwa nyingine kubwa kidogo kwenye gereji moja nisiyoitaja. Gari liliwaka, liliondoka, akalipa. Baada ya wiki chache likaanza kuteleza kwenye gia ya tatu, hasa akiwa na abiria wanne. "Gia imechoka, kaka," wakamwambia. Akanunua nyingine. Ile nayo ikaungua. Kwa ya pili alikopa, na mkopo ule aliweka dhamana ya vyombo vya ndani. Fundi wa tatu, kijana tu, hakulala chini ya gari. Alifungua boneti, akamwambia, "Mzee, kanyaga mafuta mpaka mwisho." Kisha akaonyesha kwa kidole: waya wa kwenda kwenye giaboksi ulikuwa umefungwa kwa kipande cha waya mwembamba pembeni ya injini ili usining'inie. Injini mpya haikuwa na mahali pa kuushikiza, na aliyeipachika hakujua kazi ya waya ule. Teksi iliuzwa kabla ya mwaka kwisha. Giaboksi mbili zilizokufa hazikuwa na kosa lolote.

Ni yale yale ya 1982, yamevuka bahari kwa jina jingine. Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990, zile zenye giaboksi ya A340E kwa mfano, zilikuwa na kompyuta ya kuamua gia, lakini presha ya kubana ilibaki mikononi mwa waya. Toyota waliweka alama humo humo: karibu na injini, waya huo una kidude kidogo cha chuma kilichobanwa juu yake. Mtu akikanyaga mafuta mpaka mwisho, nafasi kati ya kidude hicho na mwisho wa mpira wa ala yake inatakiwa iwe kati ya milimita 0 na 1. Kipimo hicho hakihitaji mashine. Kinahitaji watu wawili na macho.

Kwa hiyo nikiulizwa gari la kupachikwa lipimwe vipi, nitaanza na vitu visivyo na fahari. Mafuta kwanza: kiasi, rangi, harufu. Mekundu maangavu, vizuri. Kahawia yenye harufu ya kuungua, karatasi ya klachi imeshaungua na hapo kweli kuna kufungua. Yakiwa kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, maji ya rejeta yameingia, kwa sababu katika magari mengi mafuta ya giaboksi hupoozwa ndani ya rejeta, na kuta zikitoboka vinachanganyika. Mwenye kupachika injini mara nyingi hubadilisha rejeta pia. Akiweka ya gari la gia za mkono, isiyo na njia ya kupooza, akaunganisha mipira miwili pamoja "ili isivuje", giaboksi itapanda Kitonga ikichemka. Matairi makubwa yanaongeza tatizo, maana konveta inahangaika zaidi kuyasukuma, na kila kuhangaika kwake ni joto. Baada ya mafuta, waya. Baada ya waya, nguzo zinazoishikilia injini, kwani injini iliyokaa kombo huvuta waya kila inapotikisika. Ndipo geji.

Kipimo kinachopendwa sana na mafundi ni cha kukanyaga breki zote, kuweka D, na kukanyaga mafuta mpaka chini ili kuona injini inafika mizunguko mingapi. Kisizidi sekunde 5, na giaboksi ipumzike kabla ya kurudia. Mizunguko ikizidi kwenye D peke yake, shaka iko kwenye klachi ya mbele. Ikizidi kwenye D na R, presha ni ndogo. Ikipungua kote, injini haina nguvu au konveta ina kasoro. Vizuri. Lakini namba iliyo kitabuni ni ya injini ile na konveta ile. Weka injini yenye nguvu zaidi mbele ya konveta ile ile, nayo itapandisha mizunguko bila ubovu wowote. Nimeona giaboksi nzima ikihukumiwa kwa namba ya kitabu cha gari jingine. Kwenye gari la kupachikwa afadhali kipimo cha subira: toka N kwenda D uhesabu mpaka gari lishtuke, Toyota wanataka pungufu ya sekunde 1.2, na kwenda R pungufu ya 1.5. Hapo nguvu ya injini haiingilii sana. Unapima presha na uzima wa klachi zenyewe.

Kisha kompyuta, ambayo imemrithi gavana. Sensa ya mwendo inasema gari linakwenda kasi gani, sensa ya mafuta inasema mguu uko wapi, na solenoidi mbili zinafungua na kufunga njia za mafuta. Ubishi ni ule ule wa 1939, ila sasa unafanyika kwa umeme. Mwenye kupachika injini akileta kontroli boksi ya injini bila waya za sensa ya mwendo, mmoja wa wabishi amenyamazishwa. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa kusoma makosa kwa magari yake kuanzia ya mwaka 1996, lakini gari lililoundwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe halikubanwa na sheria hiyo, ndiyo maana mashine ya kupimia mara nyingine inakaa kimya na fundi anasema "hamna kosa". Toyota za wakati ule zina njia ya kizamani: unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kisanduku cha kupimia, washa swichi, na taa ya O/D OFF itaanza kupepesa. 61 ni sensa ya mwendo ya giaboksi. 62 na 63 ni solenoidi za gia. 64 ni ile ya kufunga konveta. Taa hiyo inasoma umeme tu. Klachi iliyoungua haina namba.

Na kuna kipimo kimoja ambacho kinazitenganisha kesi mbili, ya umeme na ya chuma, bila kufungua bolti hata moja ya giaboksi. Kwenye A340E chomoa plagi ya waya za solenoidi, halafu endesha. Bila umeme, giaboksi inabaki na mafuta na vali tu, na wahandisi waliipangia cha kufanya: ukiweka D utapata gia ya nne, ukiweka 2 utapata ya tatu, ukiweka L utapata ya kwanza, na rivasi itakuwepo. Ukizipata zote, zinashika bila kuteleza, basi chuma ni kizima na ubovu uko juu, kwenye waya, sensa au kontroli boksi iliyotoka gari jingine. Ukikosa mojawapo, hapo sasa shusha sampu. Na solenoidi zenyewe unazipima kwa mita ya umeme pale pale kwenye plagi uliyoichomoa: kila moja ya zile za gia, ikiwa baridi, isome kati ya omu 11 na 15.